Kipokezi cha kwenye kompyuta kinapokosea biti: dalili na vyanzo vyake

Anayeiga kipokezi cha redio kwenye kompyuta ana faida ambayo fundi mwenye antena hana: jibu analijua. Biti alizozituma zimekaa kwenye kumbukumbu ya mashine ileile, na kila hatua iliyozipitia ameiandika mwenyewe. Ajabu ni kwamba wengi wetu, kiwango cha makosa kikitoka kibaya, tunaliacha jibu hilo likae bure na kuanza kuchezea namba moja baada ya nyingine hadi mchoro wa makosa dhidi ya kelele ufanane na wa kitabuni. Makosa mawili yanayofutana nayo hutoa mchoro mzuri. Siku utakapobadilisha kitu kimoja, yatafufuka yote mawili.

Mifano ya hapa ni ya Python na NumPy, maktaba yake ya hesabu, lakini dalili ni zilezile kwa anayetumia Octave au MATLAB. Mnyororo ni wa kawaida: biti mbilimbili zinageuzwa kuwa simboli za QPSK (nukta nne, kila moja ikibeba biti mbili), zinapita chujio la kulainisha mawimbi upande wa mtumaji, zinaingia kwenye chaneli yenye kelele, zinapita chujio pacha upande wa kipokezi, kisha tunachukua sampuli moja kwa kila simboli na kuamua biti. OFDM, yaani kugawa data katika masafa mengi membamba kwa wakati mmoja, itakuja baadaye, na humo nitatumia 802.11a, kiwango cha Wi-Fi cha mwaka 1999, kwa sababu vipimo vyake ni vidogo na vinashikika kichwani.

Kabla ya kutibu chochote

Zima kelele. Zima mwachano wa masafa (tofauti kati ya masafa ya mtumaji na ya kipokezi), zima mwangwi wa chaneli, zima kila kitu. Kipokezi kisicho na kelele kinatakiwa kitoe makosa sifuri. Nasema sifuri, si machache. Kosa moja katika biti milioni moja bila kelele ni hitilafu kamili, na usiendelee mbele ukiwa nalo.

Likishafika sifuri, washa kelele peke yake, ulinganishe na viwango hivi vya makosa vya QPSK katika chaneli ya kelele tupu: Eb/N0 (nishati ya biti ikilinganishwa na kelele) ya 0 dB inatoa 0.0786, ya 4 dB inatoa 0.0125, ya 8 dB inatoa 0.00019, na ya 9.6 dB inatoa takriban 0.00001. Usipozifikia hizi, hakuna haja ya kugusa sehemu nyingine.

Nusu ya biti zimekosewa

Kiwango cha 0.5 kinakatisha tamaa kuliko vingine vyote, maana hata mtu anayerusha sarafu angekipata. Lakini nusu si ugonjwa mmoja. Yapo angalau matano ya kawaida, na yote hutoa 0.5 ileile. Kinachoyatofautisha ni jinsi makosa yalivyojipanga, wala si idadi yake. Kelele ikiwa bado imezimwa, na biti ulizotuma zikiwa za bahati nasibu, endesha mistari hii mitatu:

```
makosa = (zilizotumwa != zilizopokelewa).reshape(-1, 2)
print(np.bincount(makosa.sum(axis=1), minlength=3) / len(makosa))
print(makosa.mean(axis=0))
```

Mstari wa pili unakuambia ni sehemu gani ya jozi haina kosa, ina kosa moja, au ina mawili. Wa tatu unakuambia biti ya kwanza ya jozi inakosewa kwa kiasi gani, na ya pili kwa kiasi gani.

Ukiona kila jozi ina kosa moja, bila hata jozi moja kupona, na makosa hayo yamegawanyika nusu kwa nusu kati ya biti ya kwanza na ya pili, basi nukta zako zimezungushwa nyuzi 90. Kwa ramani ya Gray, kila simboli imehamia kwa jirani yake, na majirani hutofautiana kwa biti moja tu. Hili ndilo jambo linalompata kila anayetumia kitanzi cha Costas, kinachofuatilia na kunyoosha awamu (pembe ya mawimbi), kwenye QPSK: kitanzi kina mahali pane pa kutulia na chenyewe hakijui papi ni sahihi. Tiba ni kutuma utangulizi unaojulikana na kuzungusha mpaka ulingane, au kusimba tofauti kati ya simboli na simboli. Njia ya pili ni rahisi, ila inakaribia kuongeza makosa maradufu, kwa sababu simboli moja ikiharibika inaathiri maamuzi mawili.

Ukiona kila jozi ina kosa moja, lakini biti ya kwanza ina 0.0 na ya pili ina 1.0, hakuna mzunguko hapo. Sehemu dhahania ya namba changamano imegeuzwa alama. Waliohama kutoka Octave wanalifahamu hili kwa machungu: kule alama ya mkato mmoja baada ya safu haiilazi safu tu, inageuza na alama ya sehemu dhahania. Ukitaka kulaza tu, unaweka nukta kabla ya mkato. Kikulacho ki nguoni mwako: ukifanya kosa hilo mara mbili, kwa mtumaji na kwa kipokezi, yanafutana na kila kitu kinaonekana safi, mpaka siku unapoweka chaneli inayozungusha awamu. Kwenye NumPy, .T hailigusi hilo, kwa hiyo anayetafsiri programu kutoka upande mmoja kwenda mwingine anaweza kupotea kwa njia zote mbili. Chanzo kingine cha dalili hiyohiyo ni kushusha masafa kwa kutumia upande mbaya wa wigo.

Ukiona jozi ama zimepona kabisa ama zimekufa kabisa, na hakuna hata moja yenye kosa moja, umebadilishana I na Q (sehemu halisi na sehemu dhahania), au mpangilio wa biti ndani ya jozi. Hiyo ni kazi ya dakika moja.

Ukiona robo, nusu, robo, umefika kwenye kisa kigumu zaidi. Mgawanyo huo maana yake biti ulizopokea hazihusiani kabisa na ulizozilinganisha nazo, na mara nyingi ni kwa sababu zimepishana. Chujio lenye sampuli 8 kwa simboli na urefu wa simboli 10 lina vigezo 81, nalo huchelewesha sampuli 40. Yakiwa mawili ni 80, yaani simboli 10, yaani biti 20. Aliyekata ucheleweshaji wa chujio moja akasahau la pili atakuwa amepishana kwa simboli 5 kamili. Aliyetumia convolve kwa mtindo wa "same" hana cha kukata tena, kwani ucheleweshaji umeshakatwa. Akikata 80 juu yake, anapishana kwa upande wa pili. Usikisie. Fanya korilesheni kati ya simboli zilizotumwa na zilizopokelewa, utafute kilele, na mahali kilipo ndipo palipo na tofauti yako.

Lakini robo, nusu, robo inaweza pia kutokana na kitu kingine kabisa. Masafa ya kipokezi yakiachana kidogo na ya mtumaji, nukta huzunguka polepole: robo ya muda ziko mahali pake, robo zimegeuka nyuzi 90, robo 180, robo 270. Ukijumlisha mzunguko mzima unapata mgawanyo uleule, namba kwa namba. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, kata makosa katika vipande vya simboli 500 na uchore kiwango cha kila kipande. Zilizopishana hukaa kwenye 0.5 mwanzo hadi mwisho. Zinazozunguka hupanda na kushuka: 0, 0.5, 1, 0.5, kisha 0 tena.

Ukipata 1.0 kamili, shangilia. Kipokezi chako kinafanya kazi, kimegeuka nyuzi 180 tu.

Inaanza vizuri, inaharibika njiani

Chukua simboli milioni moja kwa sekunde na mwachano wa masafa wa Hz 100. Kila simboli inageuka nyuzi 0.036. Ni kidogo mno, na simboli 1,000 za kwanza zitatoka bila doa. Ikifika ya 1,250 umevuka nyuzi 45, na QPSK imekwisha. Ndiyo maana jaribio la pakiti fupi linaweza kupita wakati jaribio refu linaanguka, na mtu akadhani tatizo ni urefu wa safu au kumbukumbu.

Kwa QPSK njia ya haraka ya kupima mwachano ni kupandisha kila simboli kwenye kipeo cha nne. Data inatoweka, inabaki toni moja iliyo kwenye masafa mara nne ya mwachano. Chukua geuzo la Fourier, soma kilele, gawanya kwa nne. Baada ya kusahihisha, angalia tena. Kama mzunguko umeongezeka kasi maradufu badala ya kusimama, umesahihisha kwa alama isiyo yake.

Saa za sampuli ni kesi nyingine. Katika uigaji mtupu, saa haitelezi yenyewe. Ikiteleza, kuna mahali ulibadilisha kasi bila kujua. Mfano ninaoupenda ni wa mtu mwenye sampuli milioni moja kwa sekunde na simboli 115,200. Jibu la kugawanya ni 8.68; akaandika 9. Kila simboli inaachwa nyuma kwa theluthi ya sampuli, na baada ya simboli 14 hivi anasoma kwenye mpaka kati ya simboli na simboli. Hapo kitanzi cha Gardner, kinachorekebisha wakati wa kuchukua sampuli, hakitamwokoa, maana tofauti hiyo ni karibu asilimia 4, na vitanzi vya saa hutengenezwa kwa tofauti ndogo mno kuliko hiyo. Badilisha kasi kwanza ipatikane namba kamili, kitanzi kije baadaye.

Sura ya kundinyota

Mchoro wa nukta, ambao baadhi huuita kundinyota, husema mengi kwa haraka. Pete ni mwachano wa masafa. Ndizi ndogondogo zilizopinda ni awamu inayotikisika. Kundi zima lililohama upande mmoja ni mkondo wa moja kwa moja uliobaki. Mraba uliogeuka kuwa mstatili au sambamba-nne ni kutolingana kwa I na Q. Nukta zilizogawanyika katika vikundi vidogo vilivyojipanga ndani ya kila kona, bila kelele, ni wakati mbaya wa kuchukua sampuli: kila simboli inabeba mabaki ya majirani. Na katika 16-QAM, yenye nukta 16 za ukubwa tofauti, kama nukta za ndani ni salama ila za nje zinakosewa, ukubwa haujasawazishwa. Kumbuka kugawanya kwa mzizi wa 10, na kwa mzizi wa 42 katika 64-QAM.

Mchoro una umbo sahihi, ila umesogea

Hapa kipokezi ni kizima. Aliyekosea ni aliyepima kelele. Na kiasi cha kusogea ndicho kinachomtaja mkosaji.

Ukipata 0.006 kwenye 8 dB badala ya 0.00019, uko nyuma kwa 3 dB. Sababu mbili hugombania hapa. Ya kwanza ni kuipa kila sehemu ya kelele, halisi na dhahania, variansi ya N0 wakati kila moja inastahili nusu:

```
kelele = np.sqrt(N0/2) * (rng.standard_normal(n) + 1j*rng.standard_normal(n))
```

Ya pili ni kusahau kwamba simboli ya QPSK ina biti mbili, hivyo Es/N0, inayohesabu nishati ya simboli, iko juu ya Eb/N0 kwa 3 dB. Kuzitofautisha ni rahisi: badilisha uende kwenye BPSK, yenye biti moja kwa simboli. Sababu ya kwanza itabaki na 3 dB zake, ya pili itatoweka. Ukiwa na msimbo wa kurekebisha makosa wa nusu kwa nusu, kuna 3 dB nyingine inayokungoja, kwa kuwa Eb ni nishati ya biti ya habari, si ya biti iliyopita hewani.

Mchoro mzuri kupita nadharia

Huu ndio ninaouogopa. Mchoro mbaya hukufanya utafute. Mzuri mno huingia kwenye ripoti.

Ukiwa bora kuliko nadharia kwa 9 dB na una sampuli 8 kwa simboli, ulipima nguvu ya mawimbi kwenye sampuli ukaweka kelele kwa uwiano huohuo. Chujio la kipokezi hukusanya nishati ya sampuli zote nane na kutupa kelele iliyo nje ya mkanda. Uwiano wa kila sampuli unatakiwa kuwa chini ya Es/N0 kwa mara kumi ya logi ya 8, ambayo ni 9.03 dB. Ukiwa na sampuli 4, utaona 6 dB. Namba yenyewe inakutajia kosa.

Ukipata nusu ya makosa yanayotarajiwa, rudi kwenye ule mstari wa tatu wa mwanzo. Kama biti moja ya jozi haikosewi kamwe, uliongeza kelele halisi tu kwenye mawimbi changamano.

Ukipata makosa sifuri hata kwenye -5 dB, unalinganisha safu na yenyewe. Katika NumPy, kuandika b = a hakutengenezi nakala. Majina mawili, safu moja. Ukiandika maamuzi ya kipokezi juu ya b, umezifuta biti ulizotuma. Tumia .copy().

Na kuna udanganyifu mpole zaidi: kujaribu mizunguko yote minne na mipishano kadhaa, kisha kuchukua yenye makosa machache. Kwa pakiti ndefu hakuna ubaya. Kwa pakiti ya biti 50 kwenye kelele nyingi, unachagua bahati.

Mchoro wa zigizaga, au usioshuka

Hesabu makosa, usihesabu biti. Makosa 100 hukupa uhakika wa takriban asilimia 10. Makosa 3 hayakupi kitu. Ukitaka kufika 0.00001 unahitaji biti milioni 10, na hapo kumbukumbu inaleta shida: hizo ni simboli milioni 5, kwa sampuli 8 ni milioni 40, na kila sampuli changamano ni baiti 16. Safu moja ni MB 640, na utakuwa nazo tatu au nne kwa wakati mmoja. Gawanya katika vipande. Lakini ukianzisha jenereta ya bahati nasibu ndani ya kitanzi kwa mbegu ileile, kila kipande kitapata kelele ileile, na vipande mia vitakuwa kipande kimoja kilichorudiwa. Dalili: jumla ya makosa inagawanyika kikamilifu kwa idadi ya vipande.

Mchoro unaoshuka mara kumi tu kwa kila 10 dB ni wa chaneli ya Rayleigh, ambayo nguvu yake hufifia na kurudi. Kwenye 10 dB utaona kama 0.023. Kama hukukusudia, kuna mfifio uliosahau kuuzima. Mchoro unaoshuka vizuri halafu ukalala sakafuni una tatizo lisilotokana na kelele, na kwa kawaida ni chujio lililokatwa fupi mno au wakati wa sampuli uliokosewa kidogo.

Ukihamia OFDM

802.11a ina nafasi 64 za masafa, zinazotumika 52: 48 za data na 4 za vielekezi (simboli zinazojulikana) kwenye -21, -7, 7 na 21. Kila simboli ina sampuli 64 pamoja na 16 za mkia wake zilizonakiliwa mbele, jumla mikrosekunde 4 kwa kasi ya MHz 20.

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kwamba ifft ya NumPy, geuzo la Fourier la kinyume, inagawanya kwa 64 wakati fft haizidishi wala haigawanyi. Ukiweka kelele kana kwamba nguvu ya sampuli ni moja, fft inaikuza kelele mara 64, na unajikuta nyuma kwa 18 dB. Weka norm iwe "ortho" pande zote mbili na usahau. Tofauti ndogo zisizofika 1 dB hutokana na hesabu mbili nyingine: nafasi 52 badala ya 64 ni 0.9 dB, na nishati ya ule mkia ulionakiliwa ni 0.97 dB.

La pili ni mpangilio. Masafa hasi hukaa mwishoni mwa safu, kuanzia 38 hadi 63. Aliyetumia fftshift upande mmoja tu anabadilishana nusu mbili za mkanda.

Pete katika OFDM haimaanishi mara zote kile inachomaanisha kwingine. Chora nafasi moja ya masafa peke yake. Kama nukta zake zimetulia lakini kila nafasi ina mzunguko wake, dirisha la fft (zile sampuli 64 unazoipa) limeanza mapema ndani ya mkia. Mradi umekadiria chaneli kwa dirisha hilohilo, hakuna madhara. Kama dirisha limechelewa, simboli inayofuata inaingia na hakuna kusawazisha kutakakoitoa. Mimi huanza mapema kwa sampuli 3 au 4 kwa makusudi.

Kama nafasi moja nayo inazunguka kutoka simboli hadi simboli, ni masafa. kHz 1 ni nyuzi 1.44 kwa kila simboli, na QPSK hufa baada ya simboli 31. Utangulizi mfupi, unaojirudia kila sampuli 16, unapima hadi kHz 625. Ule mrefu, wa sampuli 64, unaishia kHz 156.25 lakini ni sahihi zaidi. Kiwango cha 802.11a kinaruhusu kila upande kukosea sehemu 20 katika milioni, kwa hiyo kwenye GHz 5.2 pande mbili zinaweza kuachana kwa kHz 208. Aliyeruka utangulizi mfupi atapata jibu lililozunguka na kurudi upande wa pili, na hataonywa na chochote.

Kuhusu msimbo wa kurekebisha makosa wa 802.11a, wenye namba 133 na 171, jambo moja la kuchekesha: ukikosea alama ya uhakika wa biti unaoupa Viterbi, kisimbuzi chake, hupati 0.5. Unapata karibu 1.0, kwa kuwa neno la msimbo huu likigeuzwa lote linabaki kuwa neno halali. Ukipata 0.5 baada ya Viterbi wakati kabla yake biti zilikuwa safi, umebadilishana mitiririko miwili ya biti za msimbo, au umesahau kuondoa ule uchanganyaji wa biti unaofanyika kabla ya msimbo.

Uigaji unakubali, faili iliyorekodiwa inakataa

Angalia aina ya namba kabla ya kulaumu hewa. GNU Radio, programu ya redio ya kompyuta, huandika complex64. Ukiisoma kama complex128 unapata nusu ya sampuli zenye thamani za kichaa. Faili za RTL-SDR, kipokezi cha bei nafuu cha USB, ni baiti zisizo na alama, toa 127.5. Za HackRF, kifaa kingine cha redio, ni baiti zenye alama, usitoe kitu. Na RTL-SDR yenye chipu ya R820T haifiki GHz 2.4 wala kupokea zaidi ya takriban sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, hivyo kama ulikuwa unaitafutia Wi-Fi, kipokezi ulichoandika hakina kosa.